Kisa cha utingo aliyegongwa na lori la chombo cha ulinzi: vikomo vitatu vya muda wa kisheria na kidonda kimoja

Kisa hiki ni cha kweli kwa mtiririko wake. Majina, wilaya, mwaka, chombo kilichohusika na baadhi ya tarakimu vimeondolewa au kubadilishwa ili mhusika asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya mawakili vijana, wasaidizi wa kisheria na maofisa rasilimali watu wa Nyanda za Juu Kusini, ambako barabara ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, hutuletea majeruhi kila mwezi na wengi wao hurudi nyumbani na bahasha ya pole tu.

Usuli

Mdai, tumwite S., alikuwa na umri wa miaka 31, ana mke na watoto wawili. Alikuwa utingo wa Canter ya mfanyabiashara wa mbao: anapakia, anashusha, anaziba pancha, analinda mzigo usiku. Mkataba wake ulionyesha mshahara wa shilingi 180,000 kwa mwezi. Kila safari alipewa posho na msimamizi wa yadi kwa njia ya simu, na ukijumlisha mwezi mzima alikuwa akipata karibu shilingi 400,000. Utaratibu huu ni wa kawaida sana kwenye mbao, viazi na parachichi. Mwajiri anapunguza makato, mfanyakazi anapata fedha mkononi leo, na hakuna anayelalamika mpaka mguu ukatike.

Mwajiri alikuwa amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015 chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263. Alikuwa akichangia, ila kwa mshahara ule ulioandikwa.

Yaliyotokea

Asubuhi moja ya Julai, kati ya Makambako na Uyole, Canter ilipata pancha. Waliozoea barabara ile mwezi huo wanajua ukungu wake: taa za gari linalokuja unaziona likiwa limeshafika. Dereva aliegesha, lakini tairi za kulia zilibaki juu ya lami kwa sababu bega la barabara lilikuwa limemomonyoka. Hawakuwa na pembetatu za kuakisi mwanga. S. alikata matawi, akayapanga nyuma ya gari kama ilivyo desturi, kisha akainama kuweka jeki.

Lori la moja ya vyombo vya ulinzi na usalama, lililokuwa kwenye msafara wa magari matatu, lilikuja kwa kasi, likayapita matawi na kugonga pembe ya nyuma ya Canter. S. alibanwa. Mguu wa kulia ulisagika, nyonga ya kushoto ikavunjika. Askari wa msafara ndio waliomtoa na kumkimbiza hospitali, na hilo lisemwe kwa haki yao. Polisi walifika, wakapima, wakachora ramani ya ajali na kutoa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Usiku uleule mguu ulikatwa chini ya goti.

Wiki ya tatu ofisa wa kikosi alifika wodini na watu wawili. Alimsalimu mke wa mgonjwa vizuri, akawapa wazee pole, kisha akatoa bahasha ya shilingi milioni 3 na karatasi moja ya kuchapwa. Karatasi ilisema kwamba lori la kikosi, "likiwa kwenye majukumu ya kikazi", lilipata ajali na kumjeruhi S., na kwamba S. amepokea fedha hizo na hana dai lolote tena kwa sasa na baadaye. Baba mkubwa wa S., ndiye mkuu wa familia, alikuwa tayari kusaini. Deni la dawa lilikuwa limefika shingoni, na ofisa aliongea kwa heshima. "Mwanangu, mtu amekuja mwenyewe na salamu," alimwambia mke wa S. "Tukimkatalia mkono, kesho tutampata wapi?"

Mke aliomba wasubiri hadi kesho yake. Jioni hiyo alitupigia simu sisi mawakili.

Kabla yetu alikuwa amepita mtu mwingine, mmoja wa wale vishoka wanaozunguka wodi za majeruhi na fulana ya polo na faili la plastiki. Aliahidi milioni 200 ndani ya miezi sita, theluthi iwe yake, na alitaka kuondoka na PF3 halisi. Muuguzi wa zamu alimfukuza. PF3 ile ingepotea, kisa hiki kingekuwa kifupi zaidi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuhusu bahasha, na ulibidi ufanyike mbele ya ukoo. Kukataa fedha kungekuwa rahisi kwa wakili anayelala kwake. Kwa familia inayonunua dawa kila siku, lilikuwa jambo lisilowezekana. Baada ya salamu za "kamwene" na chai, tuliwaeleza wazee tofauti ya vitu viwili: pole, ambayo mtu hupokea na kushukuru, na fidia, ambayo ni haki inayokokotolewa. Baba mkubwa alielewa haraka kuliko tulivyotarajia. Alisema hata kwenye msiba mtu akileta unga hadai shamba. Fedha zikapokelewa kwa stakabadhi tuliyoiandika sisi, inayosema ni msaada wa matibabu na haugusi madai yoyote. Ofisa alisita, akapiga simu, akasaini. Karatasi yake aliiacha mezani bila kusainiwa na mtu wetu, na hakuidai.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupanga njia za kudai kwa kufuata ukomo wa muda wa kila moja. S. alikuwa na njia mbili zinazokwenda pamoja. Alikuwa kazini, hivyo WCF ilimhusu bila kuuliza nani mzembe. Pia alikuwa amejeruhiwa na mtu wa tatu, hivyo alikuwa na dai la uzembe dhidi ya mwenye lori. Kwenye sheria ya ukomo wa muda, Sura ya 89, dai la madhara ya aina hii lina miaka 3. Madai ya WCF yalitakiwa yafunguliwe ndani ya miezi 12. Na kwa kuwa mwenye lori ni Serikali, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, ikieleza msingi wa madai na kupelekwa kwa wizara au idara husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu, hata kama kiasi ni kidogo. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu ni lazima aunganishwe kwenye shauri, la sivyo mwenendo wote unaharibika.

Wengi huhesabu miaka 3 kisha wakapumzika. Siku 90 zinakatwa kutoka ndani ya miaka hiyohiyo, na shauri lililofunguliwa bila notisi hutupwa. Ukigundua kosa mwezi wa 34, huna pa kwenda.

Tulianza na WCF. Mwajiri alichelewa kutoa taarifa akiogopa kuulizwa kuhusu posho. Hatukumtisha. Tulimweleza kwamba Mfuko ukilipa matibabu, yeye anapumua, na kwamba kuficha ajali ya kazini ni kosa kubwa kuliko mshahara mdogo wa kwenye karatasi. Alijaza taarifa.

Uamuzi wa tatu ndio uliotugawa ofisini. Je, notisi kwa Serikali itaje kiasi gani, na itumwe lini? Mwezi wa tatu S. alikuwa ametoka hospitali, kigutu kinaonekana kupona, na mwenzetu mmoja alitaka tuandike kiasi kamili, tusubiri siku 90, tufungue shauri, tumalize. Hoja yake ilikuwa na uzito: mashahidi wanahama na askari wanahamishwa. Hoja ya upande wa pili ilikuwa ya kitabibu. Daktari wa mifupa alikuwa ameandika kwamba mfupa una dalili za maambukizi na kwamba hali ya mwisho ya ulemavu haiwezi kutathminiwa bado. Tulituma notisi mapema, ikiwa na msingi wa madai na aina za madhara kwa ukamilifu, lakini kiasi tulikiita makadirio ya awali, na tukasema kitarekebishwa baada ya tathmini ya mwisho.

Mwezi wa sita maambukizi yalipanda. Mguu ulikatwa tena, safari hii juu ya goti.

Mtu asiyeshughulika na mambo haya anaweza kudhani tofauti ni sentimita chache. Aliyekatwa chini ya goti bado ana goti lake, na kwa mguu bandia wa kawaida anaweza kupanda mlima na kubeba debe. Aliyekatwa juu ya goti anahitaji goti la bandia pia, nguvu anazotumia kutembea huongezeka sana, na kwenye njia za udongo za kwetu masika anaanguka. Utingo wa zamani hapandi tena juu ya mzigo. Dai la mwezi wa tatu lingekuwa la mtu mwingine kabisa.

Tathmini ya mwisho ilipotoka, tulituma notisi ya pili tukahesabu siku 90 upya. Ilitugharimu muda, ila tulikuwa na muda wa kugharimu kwa sababu ya kwanza ilitoka mapema. Shauri lilifunguliwa mwezi wa 16.

Wakati huo kesi ya trafiki ilikuwa imekwisha: dereva wa lori alishtakiwa mahakama ya kiraia, si ya kijeshi, akakiri, akatozwa faini. Tulichukua nakala iliyothibitishwa ya hukumu. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaifanya hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, kuwa ushahidi wa kuhitimisha kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Kwa hiyo uzembe wa dereva haukuhitaji kuthibitishwa tena.

Kilichobaki kilikuwa kiungo kati ya dereva na Serikali. Mwajiri hujibu kwa uzembe wa mwajiriwa akiwa kazini, si akiwa amechepuka kwa shughuli zake. Majibu ya awali ya upande wa Serikali yalikana kwamba lori lilikuwa kwenye safari rasmi na kututaka tuthibitishe. Vitabu vya safari vya kikosi si nyaraka unazoenda kuomba dirishani. Tukaitoa ile karatasi iliyoachwa wodini: "likiwa kwenye majukumu ya kikazi", muhuri juu yake, na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba imetolewa bila kuathiri haki, maneno ambayo yangeizuia kutumika kama ushahidi. Hoja ile haikurudi.

Matokeo

Shauri liliishia kwenye usuluhishi wa mahakama, hatua ambayo mashauri ya madai hupitia kabla ya kusikilizwa. Tulidai shilingi milioni 164. Tuliafikiana kwa milioni 78, baada ya kukubali kwamba S. na dereva wake walichangia ajali kwa asilimia 20. Makubaliano yakasajiliwa kuwa tuzo ya mahakama, yaani amri inayotekelezeka.

WCF ilirejesha gharama za matibabu zenye risiti, ikalipa kipindi cha kushindwa kufanya kazi kwa muda, ikatoa mguu bandia wa kwanza, na kwa kuwa ulemavu wa kudumu ulizidi asilimia 30, S. akaingia kwenye pensheni ya kila mwezi badala ya malipo ya mkupuo.

Fedha za Serikali zilikuja kwa awamu mbili katika miaka miwili ya bajeti. Huwezi kukamata mali ya Serikali kukazia tuzo. Mahakama hutoa hati ya amri, inapelekwa kwa ofisa masuuli, yaani anayeidhinisha matumizi ya fedha za taasisi husika, na unasubiri kifungu cha bajeti. Familia ilielezwa hilo siku ya makubaliano, kwa maneno ya wazi, mbele ya baba mkubwa, ambaye tayari alikuwa na mawazo ya kununua Noah. S. mwenyewe alichagua mashine ya kuranda mbao na kibanda chenye umeme, kazi anayoweza kuifanya akiwa amesimama mahali pamoja.

Uchambuzi

Kilichobeba kisa hiki ni mpangilio wa muda. Kidonda kina saa yake na sheria ina zake, na hazilingani. Anayesubiri kidonda kipone ndipo aandike notisi anachezea ukomo. Anayeharakisha shauri kabla kidonda hakijatulia anauza dai bei ya mwezi wa tatu. Notisi ya mapema yenye msingi kamili na kiasi cha makadirio, ikifuatiwa na ya pili, ndiyo njia tunayoitumia sasa kwa kila jeraha la mfupa lenye maambukizi. Mwenzetu aliyepinga bado anaona notisi ya pili haikuwa ya lazima kisheria, kwa kuwa msingi wa madai haukubadilika. Huenda yuko sahihi. Lakini pingamizi la awali linaloweza kuepukwa kwa barua moja na miezi mitatu ya subira, liepuke.

Kilichofeli ni ushahidi wa matumizi. Mke wa S. aliandika kila kitu kwenye daftari la shule: dawa, bajaji, chakula cha mgonjwa, godoro alilolalia nje ya wodi. Jumla ilifika milioni 11. Risiti zilikuwa za milioni 6.8, na hizo ndizo WCF ilizirejesha. Zile milioni 4.2 zilizobaki hazikulipwa na yeyote. Fidia mahsusi, yaani ya hasara inayohesabika kama gharama hizi, lazima itajwe kwa tarakimu kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu. Mahakama ya Rufani ilikwishalisema wazi kwenye Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, mwaka 1992, na Wakili wa Serikali anaijua kesi hiyo kwa moyo. Daftari lilisaidia kwenye usuluhishi kujenga picha ya maumivu na usumbufu, yaani fidia ya jumla, ambayo iko kwenye busara ya mahakama. Halikuziba pengo la risiti. Siku hizi tukipokea simu kutoka wodini, jambo la kwanza tunalouliza baada ya hali ya mgonjwa ni kama kuna mtu anayetunza risiti, na la pili ni kama bajaji inaweza kulipwa kwa simu ili muamala ubaki.

Miamala ya simu ndiyo pia iliyookoa suala la kipato, nusu yake. WCF ilikokotoa kwa mshahara ulioandikwa. Kwa ulemavu kamili pensheni ni asilimia 70 ya mshahara, na ulemavu wa sehemu hushuka kwa uwiano wake. Ukianza na 180,000 badala ya 400,000, unaona mwenyewe pensheni inapoishia. Kwenye dai la uzembe tulileta taarifa ya miezi 14 ya miamala kutoka kwa msimamizi wa yadi, na Serikali haikuwa na jibu la maana. Ofisa rasilimali watu anayesoma hapa ajue kwamba posho isiyoandikwa humpunguzia mfanyakazi fidia siku anapoihitaji zaidi, na mwajiri hapati chochote cha kujivunia kutokana nayo.

Miguu bandia ya baadaye ilitusumbua. Mguu bandia haununuliwi mara moja. Kigutu hunywea mwaka wa kwanza na soketi, sehemu inayoshika kigutu, hubadilishwa, kisha kifaa chote huchakaa kwa miaka 3 hadi 5, na mapema zaidi kwa mtu anayetembea kwenye matope. Kwa makadirio ya miaka 4, hadi S. afike 60 atahitaji miguu 7, na kwa nukuu ya shilingi milioni 3.5 kila mmoja tulidai milioni 24.5. Wakili wa Serikali alisema hilo ni jukumu la WCF na kwamba tunadai mara mbili. Hoja ya malipo mara mbili ina ukweli kwenye kipato na vifaa, haina ukweli kwenye maumivu na kupotea kwa raha ya maisha, ambavyo Mfuko haulipi. Tuligawana nusu kwa nusu. Tulikuwa na nukuu moja tu ya bei, kutoka kwa fundi mmoja. Nukuu tatu zingetuweka mahali pengine.

Kuhusu asilimia 20, hatukuwa na pa kujitetea. Matawi barabarani ni lugha ambayo kila dereva wa TANZAM anaielewa, lakini kwenye ukungu hayaakisi mwanga, na mchoro wa polisi ulionyesha yaliwekwa hatua chache tu nyuma ya gari. Upande wa Serikali ulianza kwa kudai asilimia 50. Kilichowashusha ni bega la barabara lililomomonyoka, ambalo kijana mmoja wa kijijini alilipiga picha kwa simu siku ileile. Wiki mbili baadaye lilikuwa limefukiwa.

Ndugu wa S. ambaye ni askari aliuliza kama naye angeweza kufuata njia hii akiumia kazini. Jibu ni kwamba askari ana utaratibu wake, kupitia kanuni na mafao ya chombo chake, na aanzie hapo. Uingereza, ambako sheria zetu za kuishtaki Serikali zina mizizi yake, askari hawakuweza kabisa kuishtaki Serikali yao kwa uzembe wa wenzao kazini mpaka mwaka 1987, na tangu Aprili 2005 wana mpango wao wa fidia wenye viwango vilivyopangwa kwa kila jeraha, bila kuuliza nani mzembe. Wanaweza kufuata vyote viwili. Raia aliyegongwa na gari la kijeshi hahusiki na mpango huo, kule wala huku: yeye ni mdai wa kawaida mwenye mdaiwa asiye wa kawaida.

Ombi la kutaka WCF irudie kukokotoa kipato cha S. limepelekwa, likiwa na ile taarifa ya miamala na barua ya mwajiri inayokiri kwamba posho ilikuwa ya kila safari na ya kudumu. Barua hiyo ilichukua muda mrefu kuipata kuliko saini ya Wakili wa Serikali.